Mama Hansa, Uliyemsitiri Fundi Rai

Mwaka umetimia Jumatatu hii tangu ulipotuacha, mama yetu Jasoda, uliyejulikana Msambweni nzima kwa jina la Mama Hansa. Tunakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu majirani zako nao wanataka kusikia.

Ulikuwa mshoni. Kila alfajiri ulioga, ukaumwagilia mrehani uani, ukawasha taa ya samli mbele ya miungu, ndipo ukakaa kwenye cherehani. Tulikuwa nyumba tano tu za Wahindu. Hekalu hatukuwa nalo, na kuhani alitufikia mara moja kwa mwaka kutoka Mombasa. Mtoto akizaliwa, uliitwa wewe. Mtu akizidiwa, uliitwa wewe.

Masika ya mwaka wa sitini na nne hatuyasahau. Fundi Rai, mwashi mzee asiye na mke wala mtoto, alifariki wakati mvua imekata daraja. Kwetu maiti huchomwa ili roho ipate kwenda zake, na mahali pa kuchomea palikuwa Mombasa peke yake. Wanaume walinong'ona: afukiwe, yaishe.

"Aliniomba nisikubali afukiwe," ulisema.

Baba alikushika mkono. "Mama Hansa, utatutia mashakani. Bendera ya uhuru haijatimiza mwaka, na sisi ni wachache. Majirani wakiuona moshi huo watatufikiriaje?"

Ulijitanda kanga juu ya sari, ukaenda kwa jirani yetu Mzee Dzombo katika mvua ile ile.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuomba mahali pa kumchomea Rai."

"Marahaba. Sitakuficha, mwanangu. Kwetu sisi Waislamu jambo hilo ni zito."

"Najua, mzee. Ndiyo maana nimekuja kuomba kabla ya kuwasha."

"Kisima tunachonywea alikijenga Rai," alisema mwishowe. "Moto sitauwasha mimi. Lakini nina kishamba nyuma ya mikoko, na kwenye banda la mbata mna makumbi makavu ya nazi. Chukueni."

Kwa desturi yetu mwanamke haendi penye moto huo. Wewe ulikwenda. Baba alipouinua mwenge akashindwa, uliuchukua ukawasha mwenyewe.

Siku saba tulijifungia ndani, tukichungulia dirishani kila tuliposikia hatua za watu njiani. Siku ya nane mlango uligongwa kwa nguvu. Alikuwa Mwanasha, mkewe Mzee Dzombo.

"Hodi! Wewe Mama Hansa, gauni la mwanangu la harusi umelitia wapi? Ijumaa ndiyo hii!"

Ulicheka mpaka ukalia.

Kisha zikaja habari za uraia na vibali: asiye raia hafanyi kazi bila kibali. Nyumba moja baada ya nyingine ikafungasha. Ulipougua mwaka jana tulikuwa tumebaki nyumba mbili. Ulituuliza jambo moja tu: "Nani atanibeba?" Machela ya maiti hutaka watu wanne, nasi tulikuwa na wanaume wawili.

Asubuhi uliyotuacha, wana wawili wa Mzee Dzombo walifika bila kuitwa. Walivua viatu, wakaingia chini ya machela, wakakubeba mpaka penye moto.

Hatutaki kukudanganya: tuna hofu. Ombi la kibali cha baba halijajibiwa. Barua ikija, Hansa huizungushazungusha kabla ya kuifungua. Baba mdogo ametuandikia kutoka Uingereza kwamba nafasi ipo, tuwahi kabla mlango haujafungwa. Baba alikaa na barua hiyo siku tatu. Kisha akamjibu mstari mmoja: "Waliombeba mke wangu wako hapa, jibu la serikali nitalisubiri nikiwa nao."

Mwaka ujao kumbukumbu yako itatukuta wapi, hatujui.

Unakumbukwa na mumeo Odhavji, wanao Hansa na Pravin, na mkweo Nirmala; pia Mzee Dzombo na Mwanasha, walioagiza majina yao yaandikwe pamoja na ya ndugu.

Hutatutoka moyoni kamwe.