Moshi wa Pikipiki ya Masoudi

Jumatatu, 16 Juni 2025
Leo tena sijashona. Magauni ya watu yako mezani, mimi niko chini ya pikipiki ya mume wangu. Masoudi kakaa kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia umelala mapajani. Tangu apate kiharusi maneno yanamtoka mojamoja. "Spana." "Siyo." "Kushoto." Nikikosea anafumba macho.

Alikuwa fundi wa kutegemewa hapa Nachingwea. Pikipiki hii aliifunga turbo ya kigari kidogo kilichokufa, kifaa cha kuisukumia injini hewa, ili ipate nguvu ya kupanda vilima vya Ruangwa na magunia ya ufuta. Akaugua kabla hajaimaliza. Ikiwashwa inatoa moshi wa bluu mpaka jirani anaanua nguo.

Nimemwambia, hii moja tu. Ikipona narudi kwenye cherehani. Kaitikia kwa kichwa.

Jumatano, 18 Juni
Sili za turbo, zile pete za kuzuia oili isivuje, zimebadilishwa. Yaani nimezibadilisha mimi. Nikawasha — moshi uleule! Masoudi akapiga kiti kwa mkono wa kushoto. Nikaingia ndani nikachambua mchele ambao ulishachambuliwa.

Nimechoka kuwa mikono ya mtu. Hilo siwezi kumwambia yeyote.

Ijumaa, 20 Juni
Mgongo. Naoga, bado nanuka oili. Mama mkwe kapiga simu kutoka Nkowe, anataka kumwona mwanawe. Nikasema tutapanda basi. Masoudi: "Pikipiki."

Jumamosi, 21 Juni
Nimefungua mpira unaorudisha oili kutoka kwenye turbo kwenda kwenye injini. Ikanimwagikia mapajani, nyingi kuliko nilivyotegemea. Nikabaki naitazama. Mpira unashuka, halafu unapanda kidogo kabla ya kuingia kwenye injini. Turbo imefungwa chini mno. Oili inaingia kwa kusukumwa na pampu, lakini kutoka inateremka yenyewe. Ikikosa mteremko inajaa, inapenya kwenye sili, inaenda kuungua kwenye ekzosi, bomba la moshi. Sili hazikuwa na kosa.

Nikamwonyesha kwa kidole. Akaangalia muda mrefu. "Mimi," akasema. Ndiyo, ni yeye aliyeifunga hivyo. Machozi yakamtoka. Nikamwambia kulia hakuinui turbo. Akacheka — upande mmoja wa mdomo, lakini alicheka.

Jumanne, 24 Juni
Benedikto, yule wa kuchomelea, kakata bomba la ekzosi na kuliunga upya, turbo ikapanda juu. Mpira nimeweka mpana na mfupi, unateremka moja kwa moja. Akauliza, shemeji, nani kakuelekeza? Nikamwonyesha Masoudi. Masoudi akaninyooshea kidole mimi.

Nikawasha. Moshi ukatoka, nikanyoosha mkono kuizima. "Ngoja," akasema Masoudi. Kumbe ni oili ya zamani iliyobaki kwenye ekzosi. Moshi ukawa mwembamba, ukaisha. Tukakaa tunasikiliza injini.

Alhamisi, 26 Juni
Nkowe. Nimeendesha mimi, Masoudi nyuma, nimemfunga kwangu kwa kanga mbili. Tukianza kupanda kilima turbo inavuma, nami namsikia anacheka mgongoni kwangu. Mama mkwe akampapasa mwanawe uso, kisha akanishika mikono akaitazama, kucha zote nyeusi. Akasema pole, mwanangu. Nikaenda kunawa.

Baada ya kula nikajinyoosha mkekani. Nikiwa kati ya usingizi na kuamka nikasikia mwanamume akimsalimia Masoudi — Rashidy wa Malolo, mteja wake wa zamani. Pikipiki yake inavuja oili, hajui fundi wa kumpelekea. Masoudi akajibu polepole, akipumzika kila baada ya neno: "Lete Nachingwea Jumamosi. Mke wangu ataifungua."

Tangu augue sijamsikia akimaliza sentensi. Nikafumba macho, nikajifanya nimelala.

Jumamosi, 28 Juni
Sijamwambia kuwa nilisikia. Naye hajaniambia alichoahidi.

Pikipiki ya Rashidy imezimwa nje ya mlango sasa hivi. Masoudi kasogeza kiti chake mwenyewe hadi kivulini, karai la kumwagia oili kalisukuma kwa mguu mzima. Nyuma ya pazia namwona kachana nywele. Rashidy anauliza fundi yupo. Masoudi anasema yupo, anakuja.

Rashidy anapiga hodi mara ya pili. Naandika tu. Masoudi kageuka, anaangalia mlango. Naweka kalamu.