Chupa Niliyoifunika Kama Munkoyo

Mujukulu wangu Mado,

Hapa Likasi tuko wazima, na mama yako amerudi toka Kapolowe na mihogo. Unasema wenzako wa iniversite hawaamini kama kambo yako, nyanya yako, alitengeneza asidi-amino zenye mionzi. Miye nilizitengeneza, huko huko Kinshasa, mu maabara ya atomiki!

Tulikuwa tunalisha mwani wa kijani gesi ya kaboni yenye mionzi ndani ya chupa, halafu tunatoa asidi-amino zake. Siku ya kwanza nilifunika chupa na kitambaa, kama mama yangu alivyofunika munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ili ichachuke. Mwani haukula kitu. Unakulaka mu mwangaza tu.

Shefu wa maabara akacheka: "Mama, hii haiko munkoyo!"

Nikatoa kitambaa, ukala gesi yote. Kisha akanipa kalamu niandike jina la asidi-amino kwa kila kichupa kilichoenda na ndege kwa maabara za ng'ambo.

Waonyeshe barua hii. Mwandiko ni ule ule wa kwenye vichupa.

Kambo yako, Helena