Macho Yasiyotiwa Wino

Chumba cha nyuma, ghorofa ya pili,
Juu ya duka la vioo.
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa mwanangu Kidoti,

Barua njema huanza na salamu, nami nitakusalimu, lakini niache nitangulize jambo moja nisije nikaishiwa na ujasiri nikiwa bado naulizia afya za watu. Kwa miaka thelathini na moja nimekuficha jinsi ukurasa wa mwisho aliouchora baba yako ulivyokamilika. Leo nakwambia.

Sasa hujambo, mwanangu? Mume wako fundi wa lifti hajambo, bado anapanda na kushuka? Na mjukuu wangu Bi Maswali, amepata jibu la swali lake la simu ya mwisho, kwamba mtu akifa usingizini anajuaje? Mwambie babu bado analitafuta, na hayuko mbali nalo.

Mimi ni mzima wa kuandika tu. Miguu imevimba, pumzi imekuwa fupi kama ya mtu aliyepanda ngazi, nami sijatoka kitandani. Daktari ameacha kunipa tarehe ya kurudi, na mwenye akili haambiwi mara mbili. Shangazi yako yuko nami. Ananinywesha uji na kunisema kwa wakati mmoja, na vyote viwili vinaniweka hai.

Kifurushi chako kilifika wiki iliyopita, na ndani yake ukurasa wa mwisho wa kitabu kipya cha mfululizo wetu wa michoro. Kwanza nikusifu, maana sifa ni haki ya fundi. Msitu wa uyoga umeuchora kuliko baba yako alivyouchora. Na malkia wa vichimbakazi, yule kiumbe mdogo kama kidole gumba, mwenye mbawa za nzi, umempa kile alichokuwa nacho tangu kitabu cha kwanza: anatabasamu kama mtu anayekusubiri umalize kula.

Miguuni pake amelala msichana mbeba taa, ambaye lazima afe ili kitabu kiishe. Mistari yote ni ya penseli ya buluu, kama tulivyokuwa tukichora sisi, kwa sababu kamera za wachapaji wa zamani hazikuiona buluu. Kilichotiwa wino mweusi ndicho kilichofika duniani, kilichobaki kilikuwa siri ya karatasi. Umeniomba mimi, kwa heshima ya zamani, niutie wino uso wake. Na uso huo, Kidoti, ni wako.

Umeandika kwamba umejichora kwa kioo cha bafuni, kwa kuwa uso wako "hauombwi ruhusa wala hauchoki kukaa". Nilicheka. Kisha nikakiweka kikombe chini kabla hakijaniponyoka.

Karakana yetu ilikuwa na mwiko ambao hukuambiwa. Ulikuwa mdogo, kutwa uko chini ya meza unachovya vidole kwenye wino na kuacha vidoti kila mahali, ndiyo maana ukaitwa hivyo. Mwiko ulikuwa huu: anayekufa kitabuni hapewi uso wa mtu aliye hai. Na ikitokea mkono umeteleza ukampa, basi macho yake yaachwe meupe mpaka uso ubadilishwe.

Ulianza na fundi saa wa mtaani kwetu. Katika kitabu cha nne tulihitaji mlinda daraja wa kuuawa, na baba yako kwa mzaha akampa uso wa fundi yule, masharubu na yote. Mwenyewe alipita akauona, akafurahi sana. "Haya, niueni basi," akasema, "ila masharubu myachane vizuri!" Nikamtia wino siku ya Alhamisi, macho mwishoni kama ilivyo desturi. Jumamosi alikutwa ameinamia saa aliyokuwa akiitengeneza, lenzi yake ikiwa bado jichoni.

Tukasema ajali haina kinga. Katika kitabu cha sita kuna mfumaji anayegeuzwa vumbi kwa sababu alihesabu umri wa malkia. Nilipokuwa namalizia jicho la pili ndipo nikamtambua. Alikuwa dada aliyekuwa akituletea karatasi kila Jumatatu. Baba yako hakukusudia, mkono ulimkumbuka wenyewe. Jumatatu iliyofuata karatasi zililetwa na mtu mwingine.

Hatukumwambia yeyote. Ungesemaje? Watu wazima wawili, wenye vyeti vyao ukutani, wanaogopa kalamu. Lakini baba yako alikuwa na maelezo yake. Alisema vichimbakazi hawachukui mtu, hungoja wapewe. Nikamwambia hayo ameyaandika yeye mwenyewe katika kitabu cha pili. Akajibu, "Nimeyaandika, mdogo wangu. Sikuyatunga."

Kisha akaugua, akalazwa hospitalini. Hilo unalikumbuka: ulikuwa na miaka kumi na miwili, na ulikuwa ukimpelekea penseli zilizochongwa ndani ya soksi yako. Alichora akiwa amelala, ubao magotini. Siku moja nikamkuta amemaliza ukurasa wa mwisho wa kitabu, kifo cha mzee wa lango, yule aliyezeeka mwaka mmoja kila alipovuka kwenda kwa vichimbakazi. Kioo cha kunyolea kilikuwa bado mkononi mwake. Nikautazama ule uso, ulikuwa wake mwenyewe.

"Kaka, umefanya nini?"

"Sikuwa na uso mwingine humu ndani," akasema. "Wagonjwa wenzangu siwezi kuwafanyia hivyo, dhambi. Na muuguzi ndiye mwenye sindano, huyo namhitaji."

"Futa."

"Nikitoka nitambadilisha. Mkono umechoka leo. Wewe tia wino vingine vyote, mbawa, lango, mawe. Macho usiyaguse. Nakuamini."

Tulicheka wote wawili. Siku hizo tulikuwa bado tunaweza.

Alifariki saa tisa alasiri, siku nne baadaye. Nilikwambia wewe na mama yako kwamba hakukuwa na matumaini tena, kwamba madaktari walikwisha nyoosha mikono, na kwamba ukurasa ule niliumaliza baada ya mazishi, huku mchapaji akinihimiza. Mama yako alikwenda kaburini akiamini hivyo. Majalada ya vitabu kumi na kimoja vilivyofuata yakabeba jina langu, mimi ambaye kabla ya hapo nilikuwa maandishi madogo ukurasa wa ndani, na watu wakasema, tazameni mdogo mtu alivyoubeba mzigo wa kaka yake.

Najua utakavyosema. Nakusikia kabisa: "Baba mdogo, umri umekurudisha utotoni. Fundi saa alikuwa mzee, mleta karatasi alikuwa na pumu, na baba alikuwa anakufa tayari." Hilo la mwisho ni neno langu mwenyewe, Kidoti. Nimelipanda mimi, na sasa nalivuna kinywani mwako.

Ningeweza kuufuta uso huu na kukurudishia karatasi tupu. Nimelifikiria hilo. Lakini unayo nakala kwenye kompyuta, kalamu unayo, na umeandika kwamba nisipoweza utautia wino mwenyewe Ijumaa, kwa kuwa mchapishaji anangoja. Kwa hiyo si karatasi ninayopaswa kuizuia, ni wewe.

Nikwambie na hili, maana nimeapa kutoficha. Mkono wangu unatetemeka. Chai naimwaga, vifungo vya shati nafungiwa na shangazi yako kama mtoto. Lakini juzi niliutandaza ukurasa wako juu ya ubao ili niutazame tu, na mkono ukatulia. Ukatulia kabisa, kama wa kijana. Shangazi yako aliingia na sahani, akasimama.

"Wewe mzee," akasema, "mkono huo unaomwaga uji kila siku, mbona leo umenyooka hivyo? Na hiyo chupa ya wino nani kaifungua?"

Sikumbuki kuifungua. Nilimwomba aichukue akaimwage, akaimwaga huku akinung'unika kwamba nitamwua kwa madoa kwenye sinki. Toka hapo ukurasa nimeulaza kifudifudi chini ya godoro, na usingizi sipati. Nina hakika kwamba yule mdogo mwenye mbawa za nzi ameketi upande wa pili wa karatasi, hana haraka. Amekwisha niona nikitoa mtu mara moja, na anajua mlango uko wapi.

Leo nimeutoa ukurasa wako, umo humu ndani ya bahasha, macho yake meupe kama ulivyoyaacha. Futa uso huo, mwanangu. Mpe msichana wa taa uso ambao haujawahi kuwa na mwenyewe. Chukua pua ya kijiko, kidevu cha kiazi, chochote. Ukishindwa, mwache aishi, kitabu kiishe vibaya. Wasomaji watalalamika, na kulalamika hakujaua mtu.

Salamu nazitoa hapa, kabla sijafika mwisho, kwa sababu baada ya mwisho sitakuwa na uso wa kumsalimia mtu. Msalimie mume wako. Msalimie mama mkwe wako, mwambie dawa yake ya kikohozi ilinisaidia, ingawa si kweli, yeye atafurahi. Mbusu Bi Maswali kwenye paji la uso. Shangazi yako anakusalimu sana na anasema unenepe. Mungu akupe siku nyingi kuliko kurasa, akuzeeshe polepole, kwa haki, kama mtu asiyewahi kuvuka lango la mtu.

Shangazi yako hajui ninachoandika hapa chini. Usimwambie mpaka nimezikwa. Halafu uamue mwenyewe.

Asubuhi ya siku aliyofariki baba yako, daktari alinikuta koridoni. Mama yako alikuwa kazini, wewe shuleni, nilikuwa peke yangu. Akaniambia homa imeshuka tangu jana, mapafu yamesafika, na kesho kutwa kaka yako atarudi nyumbani. Nikamshukuru, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili.

Nikapita kitandani. Baba yako alikuwa ameketi, amenyoa ndevu, anaulizia uji mzito. Akapitia kurasa nilizokuwa nimezitia wino wiki ile. Akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayesema chai imepoa, kwamba mstari wangu umekuwa mnene, na kwamba kwa kitabu kijacho amefikiria kutafuta mkono mwepesi zaidi. Nikasema sawa, kaka. Nikamrekebishia mto.

Nilirudi karakanani kwa miguu. Sikuwa nimechanganyikiwa, na hakuna mchapaji aliyenihimiza, hilo nalo nililitunga. Habari za daktari sikumpa mtu yeyote, wala sijampa hadi leo. Nikaukunjua ukurasa, nikachovya kalamu, nikatia jicho la kushoto. Nikalisubiri likauke. Nikatia la kulia. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia tisa.

Sikuyatia wino kwa sababu alikuwa anakufa, Kidoti. Niliyatia kwa sababu alikuwa anapona.

Wako akupendaye, hata ukiacha kumpenda,
Baba mdogo