Mama Mkwe na Video Zilizookotwa

Alhamisi, mwishoni mwa Agosti 2021. Macquarie Fields.

Jua limewaka tangu asubuhi, lakini ni jua la kudanganya. Ukitoka bila sweta upepo unakukumbusha kwamba huku kusini mwa dunia baridi haijaisha. Helikopta ya polisi imepita juu ya paa letu mara nyingi hadi binti yangu ameacha kuipungia mkono. Mimi situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama nafungua friji, nikiifunga sikumbuki nilitaka nini.

Niandike tu, labda miguu itapumzika.

Kwa wanaopita hapa mara ya kwanza: naishi na mke wangu Mwanaidi, ambaye ni nesi, binti yetu Nasra, na mama mkwe wangu. Mama alikuja kutoka Muheza mwaka jana, Nasra alipozaliwa, akae miezi mitatu tu amsaidie mwanawe. Mipaka ikafungwa, ndege yake ikafutwa, tukaongeza viza, tukaongeza tena. Mtoto aliyekuja kumwogesha sasa anakimbia. Akiitwa na bibi yake aje ale anaelewa kila neno, anajibu "No!" na kujificha chini ya meza.

Mimi nashughulikia kompyuta za kampuni ya mizigo kule Ingleburn. Tangu lockdown hii ianze ofisi yangu ni meza ya kulia chakula. Mwanaidi akiwa kazini tunabaki watu wazima wawili, mimi na mkwe wangu, na nimelelewa kumheshimu mkwe kwa mbali. Shikamoo Mama. Marahaba baba. Chai tayari Mama. Ahsante baba. Basi. Lakini umbali huo utaupata wapi katika nyumba ndogo kama hii, wakati kutoka ni kwa sababu maalumu na ikifika jioni hakuna kutoka kabisa?

Filamu ndizo zilizotuokoa, na wala sikupanga.

Napenda aina moja ya filamu ambazo Mwanaidi hawezi kukaa nazo chumba kimoja. Ni zile za kutisha, za viumbe kutoka angani na majaribio ya kisayansi yaliyokwenda kombo, zinazojifanya kwamba ni video iliyookotwa baada ya wenyewe kupotea. Zimetengenezwa kwa bei ya kutupa. Waigizaji ni watu ambao hujawahi kuwaona popote, wana madoa usoni na nguo zao wenyewe. Nyumba nadhani ni ya mwongozaji. Chombo kilichotua ni tochi mtu ameishika nyuma ya pazia, na unaijua ni tochi, na bado nywele zinakusimama.

Siku moja nilikuwa naitazama mojawapo mchana, wakati wa mapumziko, vipokea sauti masikioni. Watafiti watatu wamekwenda jangwani kwenye kituo cha kunasa mawimbi ya redio, kuna kitu kinawajibu. Nikahisi mtu nyuma yangu. Mama alikuwa amesimama na bakuli la mchele anaochambua. Nikataka kufunga kompyuta kwa aibu.

"Iache," akasema. "Yule wa kike amekwenda wapi?"

Akavuta kiti. Tukaitazama hadi mwisho, yeye akichambua mchele usio na hata punje ya jiwe. Mwishoni akauliza mbona huyo jini wao hakuonekana. Nikamwambia nadhani hawakuwa na hela ya kumtengeneza.

"Afadhali. Wangekuwa nazo wangemharibu."

Nimesoma watu wengi mtandaoni wakieleza uzuri wa filamu hizi. Hakuna aliyesema vizuri zaidi.

Kuanzia hapo ikawa desturi yetu, Nasra akilala mchana. Kiingereza cha Mama ni cha dukani, lakini filamu hizi hazidai maneno. Watu wanahema, wanakimbia, wanaitana majina. Filamu kubwa zinakuonyesha pa kutazama. Hizi zinakuachia chumba kitupu, ukitafute mwenyewe, na Mama ana macho. Alikuwa anakiona kivuli mlangoni kabla yangu. Aliwapenda wale wabishi, wale wanaosema hakuna kitu, ni upepo. "Huyu ndiye wa kwanza," ananinong'oneza, na kweli, huyo ndiye anayetangulia kufa. Mimi nilikuwa na lalamiko moja kwa filamu zote: mtu anafukuzwa, kwa nini hatupi kamera akakimbia? Mama hakuona ajabu yoyote.

"Akiitupa, nani atajua yaliyompata?"

Sijui kama nilikuwa nimewahi kucheka na mkwe wangu kabla ya hapo. Tulipokosa mihogo kwa kuwa Cabramatta, inakouzwa, iko nje ya eneo tunaloruhusiwa kufika, tulikosa pamoja. Nilianza kuingojea saa yetu kama mtu anavyongoja mgeni.

Wiki iliyopita mdogo wake Mama alifariki. Bi Rukia, wa mwisho kuzaliwa kwao, aliyekuwa anampigia Mama kila asubuhi. Changamoto ya upumuaji, wakasema, kama wanavyosema wote nyumbani siku hizi. Aliugua siku chache. Akazikwa siku ileile aliyofariki.

Mwanaidi alilia. Mama hakulia. Alifunga kanga kiunoni akapika wali wa watu kumi kana kwamba waombolezaji wako njiani, kisha akakaa kuutazama. Mgeni haruhusiwi kuingia ndani ya nyumba hapa. Majirani zetu Wakongo waliacha sufuria ya maharage mlangoni, wakabonyeza kengele na kurudi hadi getini ili watupungie.

Tuliwaomba nyumbani waturushie maziko moja kwa moja, mtandao ukagoma. Idi, mtoto wa kaka yake Mama, akarekodi kwa simu yake. Video ilitufikia jana. Mwanaidi aliiona mwanzo tu akairudisha simu mezani na kwenda kuoga.

Leo mchana, Nasra alipolala, Mama akaja na simu.

"Iweke kwenye kompyuta, baba. Tuitazame sisi."

Nilitafuta sababu. Nilisema nina kikao cha kazi. Akavuta kiti chake akangoja kikao ambacho hakikuwepo kiishe.

Basi nikaiweka.

Inaanza na ardhi. Viatu vya Idi, vumbi jekundu, majani. Halafu jeneza mabegani, linapokezanwa, na yeye anakimbia pembeni asiachwe, kwa hiyo dunia yote inaruka. Sauti yake ya kuhema iko juu kuliko sauti zote. Nilitaka kumwambia Mama kwamba naweza kuipunguza. Lakini alikuwa ameinama mbele kabisa, akitafuta watu kwenye pembe za picha.

"Rudisha. Yule nani, mwenye kanzu ya kahawia?"

Nikarudisha. Alikuwa shemeji yake, mume wa marehemu, ameshikwa mikono pande zote mbili.

Ndipo Mama akaniambia jambo ambalo sikulifikiria. Kwamba katika maisha yake yote amezika wazazi, mume na mtoto mmoja, na hajawahi kuona kaburi likifukiwa. Wanawake wanabaki nyumbani. Jeneza linatoka mlangoni, yanayofuata wanayajua wanaume. "Leo ndiyo naona," akasema, kwa sauti ileile ya kuomba chumvi.

Rukia akateremshwa. Kisha sauti ya mzee mmoja ikasema kwa ukali, "Idi, weka hiyo simu, njoo utie mchanga." Picha ikazunguka, mawingu, mkono, halafu giza. Idi aliitia mfukoni bila kuizima.

Nikasogeza kidole nifunge. Mama akanishika mkono. Mkwe wangu, kwa mara ya kwanza, akanishika mkono.

"Hajaizima. Na wewe usiizime."

Tukakaa mbele ya kioo cheusi. Majembe. Udongo ukianguka, kwanza mzito, kisha mwepesi. Dua, na watu wakiitikia. Kitambaa kikisugua simu. Halafu karibu kabisa, karibu kuliko mtu yeyote angetaka kusikiwa, Idi akilia kwa pumzi za kukatika, kama mtu anayejificha. Mama aliitikia dua zote. Katikati ya mojawapo sauti ilimpotea, na mabega yakaanza kutikisika. Nilikwenda kumletea maji. Nilisimama jikoni hadi glasi ikafurika, maji yakinimwagikia kwenye soksi.

Niliporudi alikuwa amejifuta uso.

"Nitafutie ndege, baba. Nataka kwenda nyumbani. Mwenzako nikimwambia atalia, nami nitabaki tena."

Nimetafuta alasiri yote. Niandike ukweli: nilikuwa naomba nisiipate. Ndege zipo chache, zinaonekana na kutoweka. Kila iliyotoweka ilinipa nafuu, na kwa aibu ya nafuu hiyo nikafungua ukurasa mwingine. Halafu nikaipata, kupitia Doha, wiki ijayo, kiti kimoja.

Mwanaidi alirudi kutoka zamu, akavulia sare zake chumba cha kufulia kama kawaida, akatoka na taulo kichwani. Sikungoja. Nilimwonyesha.

"Kule watu wanakufa, Mama," akasema. Hakunitazama mimi.

"Najua. Nakwenda kukaa na waliobaki."

"Na Nasra?"

"Nasra ana mama. Wa Rukia hawana."

Mwanaidi akasoma ile skrini kwa muda mrefu, kama anayesoma majibu ya maabara. Akauliza barakoa, akauliza vipimo, akauliza kama Mama atakwenda kukaa chumba chenye dirisha. Maswali ya kinesi, moja baada ya jingine, hadi yakamwishia. Kisha akaniambia, "Kata."

Nikakata tiketi. Mama akashukuru, akauliza kama kuna mtu aliyepasha maharage ya Wakongo.

Sasa hivi wako chumbani, mlango wazi, Mwanaidi amelaza kichwa mapajani kwa mama yake na Nasra anawarukia wote wawili. Nimejiambia wiki nzima kwamba nahangaika kwa sababu ya kufungiwa. Sidhani. Mipaka itafunguliwa, nitarudi Ingleburn, na mtu pekee aliyeniketisha mahali pamoja miezi hii atakuwa Muheza.

Kuna jambo jingine limenijia nikiandika. Tangu msiba tumempigia mume wa marehemu, watoto wake, kaka yake Mama, hadi majirani. Idi alibeba simu ile njia nzima kwa ajili yetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyempigia.

Kesho nampigia. Sijui nitaanza na nini. Labda nimwache aongee.