Mkono wa Baba na Usukani Wako

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini hujambo na chuo hakijakukondesha. Sisi hapa tu wazima. Mama anasema ule, usishindie chai.

Najua unangoja habari za Baba. Tangu atolewe plasta ya mkono uliovunjika, kila siku anauzoesha mkono kwenye ile mashine yako ya mchezo wa magari. Mwanzoni alicheka, akaniuliza tangu lini dereva wa lori akafundishwa na mchezo wa watoto. Lakini kwenye kona ya kwanza, mota uliyoifunga iliuvuta usukani jinsi matairi yanavyouvuta barabarani, akaacha mzaha. Uliipima ilingane na uzito wa usukani wa lori lenyewe, na hukukosea. Mkono ulishindwa kuuzuia, gari likapanda ukingo. Akaniambia nitoke.

Baada ya hapo mambo yakabadilika. Alimaliza mteremko mzima bila kugusa ukingo, akamwita Mama aache sufuria aje aone. Mama akamwambia huyo dereva wa sebuleni asisahau kumshusha sokoni. Walicheka sana, mimi nilijifanya natafuta kalamu. Juzi akampigia bosi wake, akasema mkono umepona. Bosi akamwambia aje Jumatatu, kuna lori limeshapakiwa.

Kaka, mkono haukuwa umepona. Ni mimi. Ulinionyesha pa kupunguzia nguvu ya usukani ili nami nicheze, ukanisihi niirudishe kila nimalizapo. Siku ile aliponitoa, nilimsikia akilia nyuma ya mlango. Kesho yake nikaipunguza kidogo. Alipofurahi, nikaipunguza tena. Nilidhani furaha itamponya. Kumbe nilikuwa namwandaa baba yangu aingie barabarani na mzigo asioweza kuuzuia.

Nilianza barua hii ili wewe umwambie. Nilipofika hapa niliona aibu, nikaiacha mezani, nikaenda kumwambia mwenyewe. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniomba niurudishe usukani kama ulivyouacha, akajaribu, akashindwa kona ile ile. Kisha akampigia bosi, akasema Jumatatu hataweza. Sikusikia alichojibiwa. Nilimsikia Baba tu akisema ndiyo, mzee, naelewa, mpe mwingine.

Jioni hii ameniita. Amesema tuanzie pale mkono unapoweza, niwe naongeza nguvu kidogo kidogo, ila nisiguse kitu bila kumwambia. Nimeongeza mara moja, nikamwambia. Akauzungusha usukani polepole, jasho likimtoka, akasema nimeuhisi, mwanangu, uache hapo hapo.

Nisamehe, Kaka, kwa kukivuruga ulichoniamini nacho. Wasalimie wenzako wa chumbani, na ukimpigia Baba usimpe pole. Mwulize tu amefika kona ipi.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba