Aliyefuta Video za Mama ni Mimi

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Najua umeapa hutaki salamu zangu, lakini mkubwa ni mkubwa, hata akinuna anaamkiwa. Mgongo unaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku wazima wa mwili tu.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei. Soma mpaka mwisho, halafu ukitaka ichane.

Zile video ulizomrekodi Mama likizo yako ya mwisho, akisimulia maisha yake, ukaziacha kwenye kompyuta yetu, hakuzifuta wifi yako. Nilizifuta mimi.

Kompyuta ilikuwa imejaa pomoni, na mimi nataka nafasi ya mechi zangu za zamani, si unaujua ugonjwa wangu. Nikapanga mafaili kwa ukubwa. Juu kabisa yakakaa manne hayana jina, namba tupu. Nikasema haya ni mechi nilizokwisha kuziona. Sikufungua hata moja. Nikafuta. Nafasi haikuongezeka, nikaenda kumwaga na pipa la taka la kompyuta. Hapo ndipo ikapumua.

Siku tatu baadaye ukapiga simu kuziulizia. Kabla sijafungua mdomo ukasema, "Ni huyo mkeo! Alimchukia Mama akiwa hai, sasa amemzika mara ya pili!"

Simu ilikuwa kwenye spika, Dada. Alikuwa pembeni yangu anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Akasema, "Wifi, mimi kompyuta hiyo naandikia mitihani tu." Ukamwita mchawi. Mimi nikanyamaza kama niliyemwagiwa maji.

Nikanyamaza miezi mitano. Shangazi akakataa kumpa mke wangu mkono, mimi nikapakua mechi.

Wiki iliyopita wifi yako alimwita mwenyewe fundi wa kompyuta, ajisafishe jina. Fundi akachungulia, akacheka. "Nani hapa mgonjwa wa mpira? Vilivyofutwa vimelaliwa na mechi sitini! Mngeniita wiki ile ile, ningevitoa vyote."

Mke wangu akanigeukia. "Kumbe ulikuwa unanitazama nikitukanwa. Tena na bakuli la karanga mapajani."

Kwa hiyo elewa, Dada: kidole changu kilizifuta, lakini kunyamaza kwangu ndiko kulikozimaliza. Ningesema siku ile uliyopiga, Mama angekuwa bado anaongea.

Begi la mke wangu liko mlangoni. Tunapishana koridoni kama wapangaji waliogombania bomba. Jumamosi anakwenda kwa dada yake, na amesema harudi kwenye ukoo unaomwita mchawi.

Mimi nitukane, nastahili. Lakini na wewe hukuuliza. Hukumu ulikuwa nayo mfukoni tangu siku ya harusi yetu, ulikuwa unatafuta kosa tu la kuibandika. Kwa hilo nami bado nina donge. Mpigie. Si mimi, yeye. Kabla ya Jumamosi.

Nisalimie shemeji, na wapwa zangu, Mrefu na yule kitindamimba. Mungu akupe afya, na mimi anipe mdomo mapema siku nyingine.

Barua hii nilimpa wifi yako aisome kwanza. Aliweka kidole tu mahali nilipoandika "kwa bahati mbaya", akangoja. Nimeiandika upya yote, bila maneno hayo.

Wako akupendaye, hata sasa,
Mdogo wako.