Nambari ya Shingoni

Amu, Mkomani
19 Shaaban 1375

Kwa ndugu yangu wa tumbo moja, Bi Radhiya, Mombasa.

Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute u mzima, wewe na Bwana Obeid na watoto, na yule mdogo awe amekwisha kupona kikohozi. Sisi huku hatujambo, maana Muislamu hakufundishwa kusema vingine. Kisima kina maji, cherehani yangu yazunguka, na macho yangu bado yaona tundu ya sindano bila miwani. Salamu zaishia hapo, ndugu yangu. Sasa nisikilize.

Barua yako aliniletea Bwana Kamaludin, alipotoka huko juzi. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimeketi, kisha nikaificha chini ya cherehani. Wasema nimemlisha mwanao kama ng'ombe wa kuchinjwa. Wasema ulinikabidhi Swafiya ana miaka saba, mwembamba, mzuri, na leo anaolewa na gauni la harusi halimpiti mabega, na aibu hiyo ni ya nyumba yangu. Radhiya! Lau ungekuwa mbele yangu ningekuvuta sikio na utu uzima wako huo. Mimi sikuzaa, ulinipa wako nimlee, nikamlea. Homa zake zote nilikesha nazo mimi. Wewe ulituma bangili.

Haya, bangili zenyewe nikupe habari zake. Zile sita za fedha zilizokuwa zikimkaa kifundoni pa mkono, leo akiinua mkono zinateremka hadi kwenye kiwiko. Huyo ndiye ng'ombe wako.

Wakumbuka mama alivyokuwa akitupima nguo? Kwa shibiri ya mkono wake, toka bega hadi bega, na kiuno akikizungushia uzi akaufunga fundo. Uzi wangu ulikuwa mrefu kuliko wako, na hakuna aliyenicheka. Mwari akiwekwa ndani alipewa maziwa na samli ili ajae, na aliyetoka na mifupa waliulizwa wazee wake kama kwao hakuna chakula. Tangu lini mtu wa nti hii akawa na nambari yake? Ng'ombe ndiye hutiwa alama.

Nambari zimeletwa na Abdulkadir, yule mwenye duka la nguo. Miaka miwili sasa analeta magauni yaliyoshonwa tayari, na ndani ya kola kuna kijitambaa cha nambari. Wajua wanawake wa Mkomani hawaendi dukani. Anayezunguka na furushi nyumba kwa nyumba ni Bi Barka, na sauti yake waijua. Akifika dakani, mbele ya mlango, hupiga kelele toka nje kuwa, Bi fulani, nambari ishirini na mbili yenu ndiyo hii, na Abdulkadir asema hakuna kubwa zaidi. Wanaume wapita ndiani, wasikia. Mwaka wa kwanza wanawake walirudisha magauni mapya, wengine wakamfungia Barka mlango. Mke wa Khatib, jirani yetu, alilia mbele yangu, mwanamke mwenye wajukuu, kwa sababu ya nambari!

Mwaka wa pili mambo yakageuka. Aliyekuwa ishirini akapata kumi na sita, na gauni likamkaa vizuri. Wa kumi na sita akawa kumi na mbili. Vifijo! Ikawa katika harusi, wakishavua buibui, wanakunja kola kuonyeshana shingo, badala ya kusikiliza waimbaji. Mtu akikaa na mwenziwe humuuliza nambari kabla ya kumuuliza watoto. Na ambaye nambari yake haikushuka hakuonekana tena harusini, alikaa kwake akisema ana mafua. Nilikuwa nikiwatazama wanawake wenye akili zao, wanaosomesha watoto Kurani, wamegeuka wajinga kwa kijitambaa kisichofika upana wa kidole. Nikaudhika nao. Nakwambia nikaudhika, na hilo nalo ukalikumbuke ukifika mwisho wa barua.

Swafiya naye alinunua gauni la Idi kwa Abdulkadir. Nambari kumi na mbili. Akafurahi, akalivaa siku tatu mfululizo. Kwa hivyo ulipomwandikia kuwa wataka kumnunulia gauni la harusi huko Mombasa, akakujibu kwa mkono wake kuwa yeye ni kumi na mbili. Ukanunua kumi na mbili. Lilipofika, mwanzo wa Rajabu, tulikuwa sote ukumbini, mimi, Barka na mama yake Athman mwenye kumwoa. Satini nyeupe, lesi mikononi, maashallah. Halikupita mabega. Barka akalivuta, mshono wa kwapani ukalia. Kisha Swafiya akaichukua barua uliyoitia ndani ya sanduku la gauni, akaisoma kwa sauti kabla sijamzuia. Ulimwandikia nini? Ulimwandikia kuwa gauni likimbana asimlaumu fundi, apunguze kinywa, kwani wewe mama yake una uzazi wa watoto watano na wavaa kumi na nne.

Mwana alicheka. Aliikunja barua mara nne, akaitia chini ya mto wake, na toka siku ile hakula.

Utaniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa papo hapo, nikimsifu! Kwa kuwa hakusema amekataa chakula, alisema amefunga. Rajabu ni mwezi wa kufunga, nani amkataze mtoto thawabu? Jioni alifuturu kwa tende moja na maji, akasema amekinai. Mama yake Athman akatangaza muyi mzima kuwa mwanawe apata mke mcha Mungu. Rajabu ikaisha, ikaingia Shaaban. Hakukosa hata siku moja. Fikiri, Radhiya, wewe ni mwanamke: msichana mzima afunga mwezi na nusu bila hata siku moja ya udhuru! Siku zake zilikatika na hakuna aliyeuliza. Sisi tulihesabu thawabu. Na kumbe alikuwa akinywa siki, chupa nzima niliikuta nyuma ya kitanda.

Siku ya kumi na nne ya mwezi huu alikwenda kutia udhu wa alasiri. Nikasikia kata ya kutekea maji ikianguka. Nilimkuta kando ya birika, jicho limegeuka, paji la uso linatoka damu. Nilimbeba peke yangu hadi kwa daktari, na mimi huyu nina goti bovu, kwa maana hakuwa na uzito. Daktari alimshika kigasha cha mkono akaniuliza kama nyumbani kwetu kuna njaa. Akasema moyo wake unapiga kama wa kizee, na kuwa akiingia Ramadhani katika hali hii hatoki. Kwa maneno hayo hayo, hakuyaremba.

Nilitoka hapo nikaenda dukani kwa Abdulkadir, mimi, kwa miguu yangu, mchana, watu wakinitazama. Nikamwita mwongo, muuaji, mla watu. Akaniacha nimalize. Kisha akaniambia taratibu kuwa yeye hajui hata kushika sindano.

Ni kweli. Hajui. Anayejua ni mimi.

Radhiya, vile vijitambaa nilivishona mimi. Magauni yaliporudishwa mwaka wa kwanza, Abdulkadir aliniletea yote niyapunguze mapindo, nikamwambia kwa mzaha kuwa magauni hayana kosa, kosa ni la nambari. Mzaha wangu, kinywa changu. Akaleta bunda la vijitambaa vitupu, nikaandika nambari kwa uzi, ndogo ndogo, nikabandua za kwanza nikashona hizo. Sikufanya kwa kulazimishwa. Nilipenda kumuona mke wa Khatib akicheka. Nilipenda kujua siri ya kila shingo ninayoamkiana nayo. Na waliponiudhi kwa upuuzi wao nilikuwa nawacheka moyoni, ilhali upuuzi wenyewe ni kazi ya mikono yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Mimi nilikitia huko na nikakata uzi kwa meno.

Swafiya alipokuandikia kumi na mbili nilikuwa nimeketi karibu yake. Nilijua kuwa yeye kwa haki ni kumi na sita. Nikanyamaza. Nikasema kimoyomoyo, gauni likija nitalifumua nilipanue, hakuna atakayejua. Lilipokuja, ndani ya mshono hamkuachwa hata upana wa ukucha. Nikanyamaza tena. Na siku zote alizofunga nilinyamaza, nikijua, naona bangili zinavyoshuka, nikaona afadhali mtoto apungue kidogo kuliko mimi niaibike Mkomani. Hiyo ndiyo habari. Unilaani ukitaka, lakini soma hadi mwisho.

Yana jioni nilimwambia yote. Nilichukua gauni lake la Idi nikaukata mshono wa kijitambaa mbele ya macho yake. Alinitazama kwa huruma, Radhiya, yeye ndiye aliyenihurumia mimi! Akaniambia kuwa ananijua, kuwa nazua maneno ili ale. Akasema kama nambari zote ni za uwongo, mbona mama yake, mwenye watoto watano, ni kumi na nne? Kisha akageukia ukutani. Uji niliompikia uliota ngozi juu.

Basi sasa zamu yako. Lile gauni la kijani nililokutumia Idi iliyopita, ambalo ulinishukuru kwa barua ya kurasa nne, wadhani ile kumi na nne iliingiaje kwenye kola? Nilikushonea mwenyewe kwa kipimo cha ishirini na mbili, nikaacha na nafasi ya kukaa chini. Hukuwa kumi na nne hata mwaka ulioolewa. Nilijua wapenda kuringa, nikakutilia nambari ya kuringia, zawadi ya dada kwa mdogo wake. Nawe ukaichukua ukampiga nayo mwanao.

Nina hasira na Abdulkadir, nina hasira na Barka na kinywa chake, nina hasira nawe. Na zote nikizijumlisha hazifiki zile nilizo nazo juu ya nafsi yangu. Lakini hasira hazimlishi mtu. Mimi haniamini tena, na ana haki. Aliyebaki ni wewe.

Njoo. Zimebaki siku kumi mwezi uandame, na ukishaandama, nani atakayeweza kumwambia aache kufunga, na wote watamsifu tena? Usimtume Bwana Kamaludin, usitume bangili. Njoo umelivaa lile gauni la kijani, usilikunje sandukuni. Uketi kitandani kwake umpe mgongo, nami nitaukata mshono wa kijitambaa akiona, kisha nikupime kwa utepe, nambari aisome yeye mwenyewe kwa sauti kama alivyoisoma barua yako. Umwambie kwa kinywa chako kuwa ndiyo, ile kumi na nne ilikuwa ya uwongo. Halafu uji utakuwa tayari, na wewe ndiwe wa kwanza kuunywa.

Ukiona aibu yako ni kubwa kuliko hayo, kaa huko. Nakuelewa kuliko mtu yeyote, kwa maana nami niliona hivyo hivyo siku arobaini na tatu, na mtoto akaanguka.

Nisalimie Bwana Obeid na watoto wote kwa majina yao. Mke wa Khatib akusalimu sana. Bado hajajua. Nitamwambia Ijumaa, yeye na wenziwe, wakija kusoma. Swafiya hakusema nikusalimie, lakini barua yako bado iko chini ya mto wake.

Mimi dada yako, niliyekushonea na kukudanganya,

Mwanatumu binti Madi